Barafu ya Kibo Haijazi Hata Seli Mbili: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Modeli za Tabianchi Milimani

Toleo lililopita tuligusia kwamba modeli za dunia nzima haziuoni Mlima Kilimanjaro kama tunavyouona sisi, na kwamba anayetaka kujua nini kinaisibu barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima huo, hana budi kuendesha modeli ya kanda yenye gridi ndogo, yaani inayoigawa ardhi katika miraba midogo iitwayo seli. Barua zimekuja nyingi, na wengi wa waandishi wanajua wanachouliza. Tumechagua nane. Karibu wote wanatumia WRF, ile programu ya bure ya kukokotoa hali ya hewa, inayolelewa na kituo cha utafiti wa anga cha NCAR huko Boulder, Colorado, kwa hiyo majibu yameegemea huko.

Nimepakua data za ERA5 nikachukua joto la mita 2 kwenye seli yenye Kilele cha Uhuru. Mwaka mzima hakuna hata usiku mmoja wa kugandisha maji! Data ni mbovu au nimekosea mimi? — Msomaji, Moshi

Hukukosea, na data si mbovu. Gridi ya ERA5, kumbukumbu ya hali ya hewa ya dunia iliyojengwa upya kwa modeli na vipimo, ni nyuzi 0.25, yaani kama kilomita 28 kila upande hapa karibu na ikweta. Ndani ya mraba huo Kibo haipo. Kilichopo ni wastani wa vyote vilivyomo: kilele, jangwa la mawe, msitu, migomba, hadi nyika. Mlima wa mita 5,895 unageuka kilima butu.

Hakikisha mwenyewe. Pakua kigezo cha z cha uso wa ardhi, ukigawe kwa 9.80665 (mvutano wa dunia), utapata mwinuko ambao modeli inaamini upo hapo. Tuseme umepata mita 2,600. Basi joto unalosoma ni la mita 2,600, karibu mita 3,300 chini ya kilele. Kwa kiwango cha kawaida cha nyuzi 6.5 kwa kila kilomita, joto hilo limezidi la kileleni kwa nyuzi 21 hivi.

Hata hivyo usikimbilie kutoa hizo nyuzi 21 ukadhani umemaliza. Hewa iliyo karibu na ardhi haipungui joto kwa kiwango kimoja. Mchana hukaribia nyuzi 10 kwa kilomita, na usiku pengine bonde likawa la baridi kuliko mteremko. Kuna njia safi zaidi, nayo ni kusoma joto la usawa wa hPa 500, yaani pale mgandamizo wa hewa unapofikia kiasi hicho. Katika ukanda wetu usawa huo huelea kwenye mita 5,850 hadi 5,900, yaani pale pale kileleni. Utakuta namba zinazokaribia kipimo cha kweli, ambacho kwa wastani ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kumbuka tu kwamba hiyo ni hewa huru, isiyogusa mwamba unaopashwa na jua.

Shikamooni wataalamu. Nimepanga maeneo manne yaliyopachikwa moja ndani ya jingine: kilomita 27, 9, 3 na 1. La ndani lina pointi 121 kwa 121, Kibo katikati. Hatua ya muda ni sekunde 162, kama mwongozo unavyoelekeza. Modeli inakufa kila mara baada ya saa sita hivi, na mafaili ya rsl (kumbukumbu za uendeshaji) yamejaa neno cfl. Nimejaribu mara nne sasa. — Mwanafunzi wa uzamili, Dar es Salaam

Marahaba. Ujumbe wa cfl maana yake ni kwamba upepo wa wima umeruka tabaka zaidi ya moja kwa hatua moja ya muda, na hesabu imepasuka. Kabla ya kugusa chochote, soma ujumbe wenyewe: una jina la eneo (d04, yaani la ndani kabisa, bila shaka) na namba za mahali za i, j, k. Ziweke namba hizo kwenye ramani ya mwinuko. Kwa mpangilio ulioueleza tunaweza kukisia zitaangukia wapi, na ni moja kati ya sehemu mbili: mabega ya Mawenzi, kilele cha pili cha Kilimanjaro, au ukingo wako wa magharibi.

Huo ukingo tuuangalie. Pointi 121 za kilomita 1 ni kilomita 60 kila upande wa Kibo. Kilele cha Mlima Meru kiko kilomita kama 67 magharibi ya Kibo, kikiwa kimeshuka kidogo kusini. Kwa hiyo mpaka wa eneo lako umepita juu ya ubavu wa mashariki wa Meru, mahali ambapo mwinuko wa gridi ya kilomita 3 na ule wa kilomita 1 unalazimishwa kupatana ndani ya pointi chache tu. Hewa inaingia eneo dogo ikikuta ukuta ambao eneo kubwa halikuuona. Mpaka usipite mlimani kamwe. Panua liwe pointi 181 kwa 181. Mpaka wa magharibi utavuka Meru kwa zaidi ya kilomita 20, na wa kusini utakwenda mbali vya kutosha usije ukakata milima ya Upare Kaskazini katikati. Namba 181 si ya kubahatisha: idadi ya pointi ukitoa moja lazima igawike kwa 3, la sivyo programu itakataa.

Pili, hatua ya muda. Kanuni ya sekunde 6 kwa kila kilomita ya gridi ni ya nchi tambarare. Milimani tumia 3 hadi 4. Weka sekunde 90 kwa eneo la nje. La ndani litapata 3.3. Ndiyo, kazi itachukua karibu mara mbili ya muda, lakini inayokufa saa ya sita haijaokoa muda wowote.

Tatu ni mwinuko. Ramani inayokuja na WRF ni ya sekunde 30 za tao, karibu mita 900, sawa na gridi yako. Kila mbonyeo wa ramani unakuwa ngazi. Chukua SRTM, vipimo vya rada vilivyofanywa kutoka chombo cha anga Februari 2000, uviweke kwenye geogrid, programu ya WRF inayoandaa ramani ya ardhi, kisha ulainishe kwa mpito mmoja. Fungua faili la geo_em inalotoa, uangalie HGT_M (mwinuko): ukikuta Kibo imeshuka chini ya mita 5,500, umelainisha kupita kiasi. Mawenzi itapotea zaidi. Minara yake ni myembamba kuliko seli, na hakuna la kufanya.

Yakibaki matatizo baada ya hayo matatu, ndipo uingie namelist.input, faili la mipangilio. Pandisha epssm kutoka 0.1 hadi 0.5, hiyo hutuliza mawimbi ya sauti yanayozaliwa kwenye miteremko mikali. Weka damp_opt 3 na dampcoef 0.2 katika kilomita 5 za juu kabisa, ili mawimbi ya mlima yasigonge paa la modeli yakarudi chini. Kuna pia w_damping, inayopunguza upepo wa wima uliozidi. Hiyo ni panadol: homa inashuka, ugonjwa unabaki. Itumie mwisho. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukiandika daftarini. Ukibadilisha vitano pamoja hutajua kilichoponya.

Mengine uyaangalie ukiwa humo humo: skimu (kanuni ya kukadiria) ya mawingu ya mvua iwake kwenye kilomita 27 na 9, izimwe kwenye 3 na 1, kwa sababu huko modeli inaweza kuinua wingu yenyewe. Washa slope_rad na topo_shading kwenye eneo la ndani. Bila hizo, mteremko wa mashariki na wa magharibi wa Kibo vitapata jua sawa saa mbili asubuhi, jambo ambalo mpagazi yeyote wa Barafu Camp angekucheka. Na Ziwa Victoria, lililomo katika maeneo yako ya nje, usiliache likope joto la Bahari ya Hindi. Tumia wastani wa joto la ardhi unaotengenezwa na avg_tsfc.exe.

Kwa nini tuishie kilomita 1? Kama gridi ndogo ni bora, si tushuke hadi mita 100? — Msomaji, Nairobi

Gharama kwanza. Ukigawa upande wa gridi kwa 3, unapata seli mara 9 kwa eneo lile lile, na hatua ya muda nayo inapungua mara 3: kazi ni mara 27. Kutoka kilomita 1 hadi mita 111 ni mara 27 kwa 27, yaani 729. Siku moja ya kompyuta inakuwa miaka miwili.

Lakini hata ukipewa kompyuta bure, hupati unachodhani. Modeli ya aina hii haioni umbo dogo kuliko kama mara 7 ya gridi yake. Ya kilomita 1 inaona vizuri vitu vya kilomita 7. Kreta ya Kibo ina upana wa kilomita 2 na ushee. Ukishuka kati ya kilomita 1 na mita 200 unaingia eneo baya: mizunguko mikubwa ya hewa ya mchana inaanza kuonekana nusu, huku skimu ya tabaka la chini nayo ikiendelea kuihesabu, na joto linasafirishwa mara mbili. Ama ubaki kilomita 1, ama uvuke moja kwa moja hadi makumi ya mita kwa mbinu nyingine kabisa. Kwa maoni yetu, anayefanya utafiti wa barafu apate kwanza kilomita 1 iliyo safi. Tumeona gridi nyingi ndogo zenye ramani mbovu ya ardhi chini yake, na ubovu huo haurekebishwi na udogo wa seli.

Kwenye faili langu la geo_em hakuna seli hata moja ya barafu Mlima Kenya. Niziongeze kwa mkono? — Mwanahaidrolojia, Nanyuki

Unaweza, lakini fikiri kwanza kwa nini. Barafu ya Lewis, kubwa kuliko zote hapo kwenu, ilipimwa mwaka 2010 ikawa karibu kilomita ya mraba 0.1. Ni sehemu moja ya kumi ya seli. Ukiigeuza seli nzima kuwa barafu, aina ya 15 katika orodha ya MODIS ya aina za ardhi, umetengeneza barafu mara kumi ya iliyopo, yenye kupoza hewa mara kumi. Hata Kibo, iliyokuwa na zaidi ya kilomita za mraba 11 mwaka 1912, ilibaki na 1.76 mwaka 2011. Barafu yote ya Kilimanjaro haijazi seli mbili, tena imetawanyika vipande vipande.

Kwa hiyo modeli ya kanda isipewe kazi ya kuiona barafu. Kazi yake ni kufikisha hali ya hewa hadi mlangoni pa barafu. Himalaya na Karakoram ni jambo jingine. Huko barafu hujaza mamia ya seli, na ni lazima uchukue mipaka kutoka orodha ya Randolph ya barafu za dunia, uichore upya ramani ya ardhi.

Kwenu na kwetu, njia ni hii. Toa kutoka modeli, kila saa: joto, unyevunyevu, upepo, mgandamizo wa hewa, mnururisho wa jua, mnururisho wa mawimbi marefu kutoka angani, na mvua au theluji. Vishushe kwenye gridi ya mita 50 hivi juu ya ramani halisi ya barafu, ukirekebisha mwinuko. Kisha modeli ya pili, ndogo, ihesabu hesabu ya nishati na ya uzito wa barafu. Watafiti wa barafu Thomas Mölg na Georg Kaser walionyesha kwa Kilimanjaro, mwaka 2011, kwamba mnyororo huo unaweza kwenda moja kwa moja bila kusahihishwa kitakwimu katikati.

Katika modeli ya pili angalia mambo mawili kuliko yote. La kwanza ni albedo, kiasi cha mwanga unaorudishwa. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi, barafu kuukuu yenye vumbi 40 hivi. Adhuhuri ya wati 1,000 kwa mita ya mraba, ya kwanza inanyonya 200, ya pili 600. Kwa hiyo modeli ikikosa kuanguka kwa sentimita 5 za theluji mwezi wa Novemba, umeharibu hesabu kuliko kukosea joto kwa nyuzi nzima. Ndiyo maana tunasisitiza mvua ya modeli ikaguliwe kabla ya joto.

La pili ni barafu kugeuka mvuke bila kupitia maji. Kuyeyusha kilo moja kunahitaji megajuli 0.334, kuigeuza mvuke kunahitaji 2.83, zaidi ya mara nane. Wati 100 kwa saa sita ni megajuli 2.16: zitayeyusha kilo 6.5, lakini zitageuza mvuke kilo 0.76 tu. Hewa kavu ya kileleni inapochagua njia ya pili, barafu inapotea polepole ingawa jua ni lile lile. Modeli yako ikiwa na unyevunyevu uliozidi kidogo, itahamisha nishati kwenye kuyeyusha, na barafu itaisha haraka kuliko kweli.

Wazee wetu wanasema barafu inaisha kwa sababu msitu wa chini umekatwa. Modeli zinasemaje? — Msomaji, Marangu

Swali zuri, na linapimika. Unaendesha modeli mara mbili kwa mipaka ile ile ya hali ya hewa: mara moja na msitu wa leo, mara moja na msitu wa zamani ukirudishwa seli kwa seli. Tofauti kati ya hizo mbili ndiyo kazi ya msitu. Mtego upo mmoja: mawingu ya mvua yana tabia ya kubahatisha, na mabadiliko madogo sana yanaweza kusogeza dhoruba moja kilomita 10. Rudia kila jaribio mara kadhaa ukianza saa tofauti, uone kama tofauti unayoiita ya msitu inazidi kelele hiyo.

Kazi ya namna hii ilichapishwa mwaka 2012 na Mölg na wenzake, nao wakakuta kwamba mabadiliko ya uoto yanaeleza sehemu ndogo tu ya upotevu wa barafu. Kileleni unyevu unategemea zaidi mikondo mikubwa na Bahari ya Hindi. Wazee hawakosei kuhusu maji, lakini. Ukanda wa msitu upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mifereji yenu inalishwa na huo, si na barafu.

Nalinganisha modeli na kituo cha kileleni. Mchana modeli iko chini kwa nyuzi tatu, na theluji yake ni nyingi mno. Nimwamini nani? — Mtafiti, Arusha

Usimwamini yeyote kabla ya kumkagua. Kibo ina bahati: Chuo Kikuu cha Massachusetts kiliweka kipimo kwenye Uwanda wa Barafu wa Kaskazini mwaka 2000, na watafiti wa Innsbruck, Austria, waliongeza cha kwao kwenye barafu ya Kersten mwaka 2005. Lakini kipimajoto chenye kinga isiyo na feni, mahali pa jua kali, upepo mdogo na theluji inayorudisha mwanga kutoka chini, hupata joto la uongo la nyuzi kadhaa. Chuja data: baki na saa ambazo upepo unazidi mita 3 au 4 kwa sekunde, au usiku pekee. Mara nyingi nusu ya tofauti hutoweka hapo.

Theluji nayo ipimwe kwa kimo cha uso, kile kinachosomwa na kipima-umbali cha mawimbi ya sauti, si kwa ndoo. Upepo hupitisha theluji juu ya mdomo wa ndoo. Ukitaka uzito, zidisha kimo kwa densiti, ukiandika umetumia densiti gani.

Na usichukue seli iliyo karibu zaidi kwenye ramani. Chukua, kati ya seli tisa zinazoizunguka, ile ambayo mwinuko wake unakaribia wa kituo.

Diski ya terabaiti 1 itanitosha kwa mwaka mmoja? — Msomaji, Mbeya

Eneo la 181 kwa 181 lenye matabaka 50 linatumia megabaiti 6.5 kwa kila kigezo cha wima kila saa. Vigezo 10 kwa mwaka ni kama gigabaiti 570, kabla ya maeneo ya nje na mafaili ya kuanzia upya. Haitoshi. Lakini modeli ya barafu haihitaji matabaka yote. Vigezo 15 vya uso tu, kila saa, ni gigabaiti 17 kwa mwaka. Orodhesha unavyovitaka kwenye faili la iofields, matabaka yaandike kila saa sita.

Mipangilio hiyo nikiihamishia Ruwenzori itafaa? — Mwalimu wa jiografia, Kasese

Hatua ya muda na mwinuko, ndiyo. Mengine hapana. Barafu ya Ruwenzori ilikuwa kama kilomita za mraba 6.5 mwaka 1906 na ikashuka chini ya 1 kufikia 2003, na Margherita ni mita 5,109 tu, kwa hiyo sehemu kubwa iko karibu na mstari wa sifuri. Kilimanjaro kosa la nyuzi moja linasameheka. Kwenu nyuzi hiyo inaamua kama kinachoanguka ni theluji au mvua. Panua eneo la kilomita 9 magharibi hadi ndani ya bonde la Kongo, maana mawingu yenu mengi yanatoka huko. Maziwa Albert na Edward yape joto lake sahihi. Kisha, kabla ya mwaka mzima, endesha mwezi mmoja wa mvua ukitumia skimu mbili tofauti za chembe za mawingu, uchore kwa kila moja mwinuko ambapo theluji inageuka mvua. Zikitofautiana kwa zaidi ya mita 100, usiendelee kwanza. Tafuta kipimo cha joto mlimani kikuamulie ni ipi.